Madirisha Yaliyohesabiwa Kuwa Wazi

Kazi yangu ni kujenga majengo ambayo bado hayapo. Nakaa mbele ya kompyuta katika ofisi moja ya michoro hapa Kolwezi, nasimamisha kuta, napanga vyumba na madirisha, nawasha jua na kulizima, kisha kompyuta inaniambia jengo hilo litakula umeme kiasi gani kwa mwaka. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa nasema nachora, kwa sababu nikianza kueleza wanapiga miayo. Zamani niliipenda kazi hii kwa moyo wote. Siku hizi asubuhi naiwasha kompyuta kama mtu anayefunua sufuria ya samaki wa juzi.

Mdogo wangu ni mkunga. Tulizaliwa Dilala, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, kwa sababu babu yetu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba na hakurudi tena kwao. Mimi nikaenda kwenye michoro, yeye akaenda kwa wanawake wanaojifungua. Amezalisha miaka mingi katika zahanati ya zamani ya Musonoi, mahali ambapo shimo la mgodi linaanzia karibu na uzio wa watu, na hakuna kitu kilichomkera huko kuliko vifua vya watoto wachanga. Mtoto anazaliwa analia vizuri, sauti safi, halafu kabla mama yake hajaruhusiwa kwenda nyumbani ameshaanza kukoroma kama mzee mvuta tumbaku. Mdogo wangu alikuwa akiwafuta makamasi kwa kitambaa, na makamasi ya mtoto aliyezaliwa jana yalikuwa mekundu kwa udongo. Alinionyesha kitambaa hicho siku moja nikiwa nakula. Sikumaliza chakula.

Basi kampuni moja ya madini ilipotangaza kwamba itajenga hospitali mpya ya uzazi pembezoni mwa Musonoi, na ofisi yetu ikapewa michoro, wakunga waliitwa waseme wanataka nini. Wengine waliomba maji, wengine vitanda, wengine choo cha wafanyakazi chenye mlango unaofungika. Mdogo wangu aliomba kitu kimoja tu. Alitaka chumba cha watoto wachanga, wale wanaozaliwa wadogo au kabla ya wakati, kiwe na mashine ya kuvuta hewa ya nje, kuichuja vumbi, na kuisukuma ndani, ili madirisha yakae yamefungwa na watoto wapumue. Niliichora mwenyewe: sanduku juu ya paa, bomba, kichujio. Alikuja ofisini kuiona, akaigusa kwenye kioo kwa kidole, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, "Hii njo batoto bangu banangojea," yaani hii ndiyo watoto wake wanayoingoja.

Na ingekuwepo, kama kampuni isingetaka cheti cha kijani.

Cheti hicho kinatolewa na watu wa mbali kwa majengo yanayobana umeme. Namna yake ni hii. Unajenga majengo mawili kwenye kompyuta. La kwanza ni jengo la kudhania tu, la kawaida, limejaa viyoyozi. La pili ni lako. Kompyuta inayaendesha yote mawili mwaka mzima, na umeme uliouokoa kwenye lako kuliko lile la kudhania ndio unaokupa alama. Sasa, njia nyepesi kuliko zote ya kuokoa umeme ni dirisha. Ukiiambia kompyuta kwamba watu watafungua madirisha na upepo wa Mungu utafanya kazi ya kiyoyozi, umeme wa kupoza unafutika na alama zinapanda. Hilo lenyewe si uongo. Kuna miji ambako hewa hiyo ni neema, na mtu akiihesabu anahesabu haki yake. Sina ugomvi na dirisha.

Ugomvi wangu ni na Musonoi. Kompyuta inafungua dirisha pale hewa ya nje inapokuwa na ubaridi kuliko ya ndani. Inasoma faili la hali ya hewa, na faili hilo lina joto, lina unyevu, lina jua, lina mwendo wa upepo. Vumbi halina nafasi humo. Kwa hiyo ukifika wakati wa baridi, pale mvua zimekatika na hewa ni ya kupendeza kwa kompyuta, inafungua madirisha yote asubuhi mpaka jioni. Mtu yeyote wa Kolwezi atakwambia kwamba huo ndio wakati tunaofunga kila kitu. Malori ya madini yanapita bila kupumzika, barabara inageuka unga, na sisi tunaloanisha vitambaa na kuvisokomeza chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Jioni unakamua vitambaa hivyo na maji yanayotoka yana rangi ya uji wa mtama. Unaosha, unaloanisha tena, unasokomeza tena. Mama yetu alifanya hivyo, sisi tunafanya hivyo, na bado bukari, yaani ugali wetu, inasaga meno kwa mchanga.

Nikafunga madirisha kwenye kompyuta. Niliandika kwamba wakati wa baridi hayafunguliwi, nikaacha mashine ya mdogo wangu ifanye kazi yake. Alama zikaanguka chini ya mstari wa cheti.

Bosi wangu ni mtu mpole, wa Lubumbashi, hapandishi sauti hata akikufukuza kazi. Aliniita mezani kwake, tukaongea kwa heshima ya huku, mimi mama, yeye tata, yaani baba.

"Mama, ile mashine inakula umeme, inatukulia na alama. Fungula madirisha, utoe mashine, tunapita muzuri."

"Tata, ku wakati ya baridi hakuna mutu anafungulaka dirisha kule. We mwenyewe unajua."

"Mi najua. Lakini bale ba cheti habajue. Na hatubadanganye, mama. Tunasema tu dirisha inafunguka. Haifunguke?"

"Inafunguka."

"Bon. Basi."

Nilikataa. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alivuta kompyuta yangu upande wake, akafungua madirisha mwenyewe, akaitoa mashine kwenye hesabu, na kwenye kioo ikatokea ile mishale ya bluu inayoonyesha upepo ukipita chumbani juu ya vitanda vya watoto. Mizuri sana, mishale hiyo. Ukiwa hujui unachokitazama, unaweza kutamani kulala humo. Kisha akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: akasema mashine haijafa, imewekwa pembeni tu. Jengo litafunguliwa, wakunga wataingia, na kabla cheti hakijatolewa atakuja mkaguzi kutazama kwa macho yake jinsi watu wanavyolitumia. Mkaguzi akikuta madirisha yamefungwa, hesabu ya upepo itafutwa, na hapo kampuni italazimika kurudisha mashine, maana chumba cha watoto bila dirisha na bila mashine hakikubaliki popote.

Nikaamini. Tena nilifurahi, kwa sababu nilijua mkaguzi atakuta nini. Nilimwambia mdogo wangu asifanye lolote la ajabu, aishi tu kama siku zote na vitambaa vyake, na mashine itakuja.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu nyingine, maana bila hiyo hutaelewa jinsi tulivyoumbuka. Mgodi unapotaka kupasua mwamba kwa baruti, king'ora kinalia kwanza. Watu wa Musonoi wakisikia king'ora wanakimbilia madirisha na kuyafungua yote, wazi kabisa. Wala si kwa ajili ya hewa. Mlipuko unasukuma hewa kwa nguvu, na kioo kilichofungwa kinapasuka, lakini kilicho wazi kinayumba tu. Kila nyumba imeshanunua vioo vya kutosha kujifunza hivyo. Basi unafungua, unawavuta watoto kwenye korido, unawafunika nyuso kwa kitenge, unangoja kishindo, halafu unafunga haraka kabla wingu halijafika, na hata ukiwa na mbio kiasi gani linakuwahi kidogo. Baada ya hapo kila mtu anashika kitambaa chake na kufuta. Tumezoea hivyo toka utotoni, na mtu aliyekulia huku hawezi hata kukumbuka siku alipofundishwa.

Hospitali ilipokwisha kujengwa na wakunga kuhamia, mkaguzi alipangiwa kuja asubuhi. Malori yalikuwa yameziba barabara kutoka mjini, gari letu likakwama nyuma yao, yeye akakaa kiti cha mbele akifuta miwani, mimi na bosi nyuma. Alikuwa mtu wa adabu. Aliniuliza kwa Kifaransa kuhusu kuta, kuhusu paa, akasifu rangi ya matofali. Tulipogeuka kuingia kwenye uwanja wa hospitali, king'ora kikalia.

Niliona jambo lile likitokea na sikuweza kulizuia. Dirisha la kwanza likafunguka, la pili, la tatu, kama watu waliopangwa. Wakunga walipita chumba hadi chumba, wanasukuma vioo, wanafunga mapazia kwa fundo yasipepee. Mdogo wangu alitokea dirishani kwenye chumba cha watoto, akalifungua mpaka mwisho, akalishika kwa mkono ili lisijirudie. Upepo wa wakati ule ulikuwa mzuri, jua lilikuwa zuri, na vumbi la malori lilikuwa limetulia kidogo, kwa makusudi kabisa nadhani. Mkaguzi akashuka garini na simu mkononi. Akapiga picha. Akapiga nyingine. Akasema kwamba katika kazi yake ni mara chache sana kuona watumiaji wa jengo wanaolielewa jengo lao namna ile.

Bosi wangu aliangalia viatu vyake.

Mimi nilisema. Nilimweleza mkaguzi pale pale juu ya baruti na vioo. Mdogo wangu alitoka nje na kumweleza tena, kwa Kifaransa kizuri kuliko changu, kwa utulivu, kwamba madirisha haya hukaa yamefungwa na sasa yamefunguliwa kwa sababu tu mwamba unapasuliwa, na kwamba akingoja kidogo ataona. Naye akangoja. Kishindo kikaja, ardhi ikatikisika chini ya soli, vioo vikayumba. Halafu likaja lenyewe, wingu la rangi ya nyama iliyooza, likapanda juu ya uzio taratibu na kuanza kutushukia. Wakunga wakafunga. Madirisha yote yale, moja baada ya jingine, mbele ya macho yake. Wakasokomeza vitambaa. Mkaguzi akakohoa, akatema kwenye leso yake ya karatasi, akaitazama ile leso, akaikunja na kuitia mfukoni.

Picha ya madirisha yakifungwa hakupiga.

Tulipoingia ndani alikuwa ameshapata jibu lake, na alilitoa kwa upole uleule. Alisema kanuni haiulizi watu wanafungua dirisha kwa sababu gani. Inauliza kama dirisha linafunguka, kama liko mahali ambapo mtu analifikia, na kama kuna ushahidi kwamba watu wanalifungua. Yote matatu ameyaona. Vumbi ni jambo la kusikitisha, lakini ni jambo la nje ya jengo, na cheti ni cha jengo. Mdogo wangu akamuuliza kama mtoto anapumua jengo au anapumua hewa. Akajibu kwamba swali hilo ni zuri na atalipeleka kwa wenzake. Nilitoka nje, nikatema mate mekundu kando ya ukuta.

Cheti kikaja. Mashine ikafutwa kabisa, kwa maelezo kwamba chumba kina hewa ya asili iliyokubaliwa kitaalamu. Palifanyika sherehe ndogo uwanjani, chini ya turubai, na kibao cha kioo cha kijani kikabandikwa karibu na mlango wa kuingilia. Walileta keki yenye krimu ya kijani. Tulipokatiwa, vumbi lilikuwa limeshatua juu yake, na kila mtu alikula na kutabasamu huku mchanga unalia kati ya meno, maana wakubwa walikuwa wanatazama. Nilitafuna mara moja nikatema kwenye kitambaa cha mezani. Mke wa mtu mmoja mkubwa aliniangalia kama nimekojoa hadharani. Na ile picha ya mdogo wangu ikatundikwa ukutani kwa ukubwa wa mlango: ameshika dirisha, nyuso za watoto hazionekani, na yeye anaonekana kama mama anayewakaribisha wageni. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, banitoe pale." Hawajamtoa mpaka leo.

Mambo yangeishia hapa ningekuwa nimeudhika tu kama watu wengine wanavyoudhika na kazi zao. Ila cheti kina ukaguzi wa kurudia, na mtu mmoja kwenye kampuni akaingiwa na hofu kwamba mkaguzi akirudi siku isiyo na king'ora atakuta madirisha yamefungwa. Bosi wangu aliulizwa jengo linatakiwa lifunguliwe kiasi gani. Yeye akafungua ile hesabu aliyoigeuza mwenyewe na kusoma upana wa uwazi ulioandikwa humo. Wakatumwa mafundi. Wakang'oa vitasa, wakapigilia vyuma vidogo kwenye fremu, na tangu siku hiyo madirisha ya hospitali ile hayafungiki mpaka mwisho. Yanabaki na uwazi wa kiganja, mchana na usiku, kiangazi na masika, ili jengo lifanane na kompyuta. Vitambaa vya wakunga viliondolewa pia, kwa kuwa vinaziba upepo na vinaharibu sura.

Nilipata habari hizo kwa bosi, mchana, tukiwa tunakunywa chai. Alizisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Niliweka kikombe chini, nikachukua taksi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka Musonoi. Dereva alikuwa amejifunga kitambaa puani kama wote, na mimi nilijifunga kilemba changu mpaka machoni.

Chumba cha watoto kilikuwa kitupu. Vitanda vidogo vilikuwa vimeondolewa, na juu ya dirisha, juu ya meza, juu ya mizani ya kupimia watoto, vumbi lilikuwa limekaa nene, unaweza kuandika jina lako. Nilipita kidole kwenye mizani, kikatoka chekundu, nikakipangusa kwenye sketi na bado nilikihisi. Nikatembea korido nzima nikiita. Mdogo wangu akajibu kutoka nyuma ya mlango uliokuwa umefungwa, akaniambia niingie haraka na nifunge.

Ilikuwa stoo ya shuka. Rafu zilikuwa zimesukumwa upande mmoja, na vitanda vya watoto vimepangwa vikigusana, watoto wameviringishwa, wawili wawili kwenye vingine. Hakuna dirisha. Taa moja. Joto la miili na harufu ya maziwa na sabuni na mikojo. Mama mmoja kijana alikuwa amekaa sakafuni ananyonyesha, jasho linamtiririka shingoni, akanisalimu, "Jambo, mama," kisha akaendelea. Watoto hawakuwa wanakohoa. Nilisikiliza makusudi. Walikuwa wanapumua kwa sauti ndogo, haraka haraka, wote pamoja.

Mdogo wangu alikuwa amechoka usoni, lakini alikuwa na kitu kama ushindi. Alisema tangu wahamie humo vifua vimetulia. Akanishika mkono, akanisogeza pembeni ili yule mama asisikie.

"Yaya, we njo unajuaka hesabu ya mupepo. Humu ndani tunaweza kulalisha batoto ngapi?"

Chumba kile nakijua. Nilikichora. Kwenye kompyuta kina rangi ya kijivu, na rangi ya kijivu maana yake ni chumba kisicho na mtu, kwa hiyo hakikupewa hewa yoyote, hata kidogo. Mishale ya bluu inapita korido na haiingii. Nikatazama dari, nikatazama mlango, nikawahesabu watoto kwa macho na nikaacha kabla sijamaliza, kwa sababu jibu nililijua tangu nilipoingia: hata mmoja.

Nikamwambia wapunguze wengine, na mlango waache wazi.

"Mulango tukiacha wazi," akasema, "mavumbi inaingia."

Akangoja nimpe jibu jingine. Mimi ndiye mwenye elimu ya hewa katika ukoo wetu. Mtoto mmoja alipiga chafya, yule mama akageuka kumtazama, na mdogo wangu akaenda kusukuma mlango kwa mgongo kuhakikisha umefungwa.